Jalada la Aliyekosa: Uchambuzi wa Kisa cha Mtahiniwa wa Uzamivu katika Sayansi ya Siasa

Kuhusu kisa hiki

Anayezungumziwa ni Mtanzania aliyeanza shahada ya uzamivu ya sayansi ya siasa Agosti 2019 katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Marekani, akarudi nyumbani kukusanya data, na kutetea tasnifu yake Aprili 2025. Tutamwita Mtahiniwa. Jina la chuo, halmashauri alizofanyia kazi na matokeo ya tasnifu vimeondolewa. Tarakimu zinazomhusu zimezungushwa, na mambo machache ya visa vinavyofanana yamechanganywa humu ili asitambulike. Kiswahili nacho kimesaidia, maana hakimlazimishi mwandishi kutaja kama anayesimuliwa ni mwanamume au mwanamke.

Kisa kimechaguliwa kwa sababu Mtahiniwa hakuwa mzembe. Alitimiza kila sharti la idara, moja tu kwa kuchelewa, tena kwa alama nzuri. Hata hivyo alipoteza karibu mwaka mzima, na muhula mmoja aliishi bila posho.

Usuli: idara inadai nini

Idara za sayansi ya siasa Marekani hutofautiana katika madogomadogo, lakini mifupa ni ileile. Mwanafunzi husoma kozi kwa miaka miwili, hufanya mitihani ya umahiri katika nyanja mbili, hutetea pendekezo la utafiti mbele ya kamati, kisha huandika tasnifu na kuitetea. Nyanja za kuchagua ni siasa za Marekani, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, nadharia ya siasa na, mahali pengi, mbinu za utafiti. Mtahiniwa alichukua siasa linganishi na mbinu.

Katika idara yake kozi zilikuwa 16, tatu kati yake za lazima: muundo wa utafiti, takwimu ya kwanza na takwimu ya pili. Pendekezo lilitakiwa kutetewa kabla ya mwisho wa muhula wa sita. Posho na ada vilidhaminiwa kwa mihula kumi, kwa sharti la "maendeleo ya kuridhisha", ambayo hupimwa kila Aprili kwa fomu inayojazwa na mwanafunzi na msimamizi. Asiyefika kiwango hupewa barua ya onyo kwanza. Posho hukatwa baadaye.

Posho hiyo si zawadi. Ni malipo ya kazi ya usaidizi wa ufundishaji, na kwenye mkataba imeandikwa saa 20 kwa wiki. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi ya daraja la F-1, saa 20 ni zaidi ya makubaliano na idara. Ndicho kikomo cha kisheria cha kufanya kazi chuoni wakati muhula unaendelea.

Tupige hesabu ya muhula mmoja, kwa sababu ndipo uchelewaji ulipoanzia. Mtahiniwa alikuwa na madarasa matatu ya majadiliano, kila moja wanafunzi 25, jumla 75. Kuhudhuria mihadhara miwili ya dakika 75 ni saa mbili na nusu. Madarasa matatu ya dakika 50 ni saa mbili na nusu nyingine. Ongeza saa mbili za kupokea wanafunzi ofisini na saa tatu za maandalizi: tayari ni kumi. Wiki ya kawaida ilibaki na nafasi. Lakini insha zilikuja mara tatu kwa muhula, na insha 75 kwa dakika 15 kila moja ni dakika 1,125, yaani saa 18 na dakika 45. Wiki hiyo inafika karibu saa 29. Ukizisambaza kwa wiki mbili, zinaingia ndani ya 20. Ukitaka kurudisha insha zote ndani ya siku saba, kama mwalimu wa kozi alivyoagiza, haziingii.

Utafiti uliokusudiwa

Swali lilikuwa zuri. Kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mtahiniwa alitaka kujua kama siasa za kata zinaamua kikundi kipi kipate. Je, kata yenye diwani wa chama tawala hupata zaidi kuliko ya mpinzani, mambo mengine yakiwa sawa?

Pendekezo lilipanga dodoso kwa watu 600 katika halmashauri sita, 100 kila moja, likilinganisha wanachama wa vikundi vilivyopata mkopo na wa vikundi vilivyoomba vikakosa. Hesabu ya ukubwa wa sampuli ilikuwa safi. Mapitio ya maandiko yalikuwa kurasa 22, na kamati iliyasifu.

Maswali mawili hayakuulizwa na mtu yeyote siku ya utetezi. La kwanza: kwa sasa ziko wapi hizo kata za wapinzani? Uchaguzi wa 28 Oktoba 2020 uliacha karibu kata zote nchini mikononi mwa CCM. Anayekusanya data ya 2022 au 2023 kuhusu chama cha diwani amekwenda kupima kitu kisichobadilika toka kata hadi kata. La pili: orodha ya waliokosa anayo nani?

Mfuatano wa mambo

Miaka miwili ya kwanza ilipita bila tatizo kubwa, ukiacha kufundisha kwa mtandao kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya korona. Mitihani ya umahiri ilifanyika Agosti 2021 na Mtahiniwa alifaulu yote kwa mara ya kwanza.

Mwaka wa tatu ndio uliolegea. Pendekezo lilikuwa litetewe Mei 2022. Muhula wa Januari hadi Mei ulikuwa ule wa insha 75, na sura ya muundo wa utafiti iliandikwa vipande vipande, jioni, baada ya kusahihisha. Aprili 2022 fomu ya tathmini ilirudi na onyo. Kiangazi hicho Mtahiniwa alikuwa na njia mbili: kutumia ruzuku ndogo ya idara kwenda Tanzania wiki tatu kwa ziara ya awali, au kufundisha kozi ya kiangazi kwa malipo. Alichagua kozi, kwa kuwa posho ya idara ni ya miezi tisa na kodi ya nyumba ni ya miezi kumi na miwili.

Pendekezo lilitetewa Oktoba 2022, miezi mitano baada ya tarehe.

Novemba 2022 aliwasilisha maombi kwa bodi ya maadili ya utafiti ya chuo. Hakuwahi kuigusa fomu kabla ya hapo, maana mwongozo wa idara unasema: pendekezo likipitishwa, mwanafunzi "ataomba" kibali cha maadili. Bodi haikuwa na shida na dodoso la wananchi. Ilisita kuhusu maofisa wa halmashauri, kwa sababu ofisa anayesema kwamba diwani alishinikiza jina la kikundi anaweza kupoteza kazi. Ikataka mambo matatu: namna ya kupata ridhaa bila sahihi, barua ya mtu anayejua mazingira ya huko, na uthibitisho wa tafsiri ya Kiswahili kutoka kwa mtu mwingine, si mwombaji mwenyewe. Hilo la tatu lilimuudhi Mtahiniwa, ambaye Kiswahili ni lugha yake, na likala wiki tatu.

Lakini mthibitishaji aliona jambo. Fomu ilisema majibu "yatatunzwa kwa siri". Kwa msikilizaji wa kijijini, mgeni anayeanza kwa neno siri ameshatia mashaka. Sentensi ikageuzwa: "Jina lako halitaandikwa mahali popote." Ikaongezwa nyingine, ambayo baadaye ilifanya kazi kuliko zote: "Kujibu au kutojibu hakutaongeza wala kupunguza nafasi ya kikundi chako kupata mkopo."

Kibali cha maadili kilitoka katikati ya Februari 2023. Fomu ya ufadhili wa uwandani wa idara, ambao humwondolea mwanafunzi kazi ya kufundisha kwa muhula mmoja huku posho ikiendelea, ilikuwa imefungwa tarehe 1 Februari, na ilidai namba ya kibali hicho. Wiki mbili tu.

Machi aliomba kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Hapa Watanzania wengi walio nje hujikwaa. Hudhani uraia unatosha, kwamba kibali ni cha wageni. Mwanafunzi aliyesajiliwa chuo cha nje anafanya utafiti kwa jina la chuo hicho, kwa hiyo hupitia COSTECH na huhitaji mtafiti mshiriki aliye nchini. Anayesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yuko kwenye utaratibu mwingine: waraka wa serikali wa 4 Julai 1980 ulimpa Makamu Mkuu wa Chuo mamlaka ya kutoa vibali kwa wanafunzi na wafanyakazi wake. Na anayetaka kuvuka kwenda Zanzibar aombe kibali cha huko peke yake. Cha Bara hakivuki maji.

Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo ya asilimia 10 nchi nzima ili kupanga upya utaratibu wake.

Uamuzi wa Aprili na Mei 2023

Kitu alichotaka kukitafiti kilikuwa kimesimama. Hakukuwa na maombi yanayopitiwa, wala vikao vya kuyapitisha, wala kikundi kinachosubiri jibu.

Ndani ya siku tisa Mtahiniwa aliandikia kamati waraka wa kurasa mbili wenye njia nne. Kusubiri mikopo irudi, bila kujua lini. Kuhamia nchi nyingine yenye mfuko unaofanana nao. Kuufanya usitishaji wenyewe kuwa swali. Au kurudi nyuma: kuacha dodoso na kusoma majalada ya miaka iliyopita pamoja na kuwahoji maofisa na madiwani, wa sasa na wa zamani.

Kusubiri kuliondolewa kwanza, na sababu ilikuwa hesabu: mihula iliyodhaminiwa ilikuwa inaisha Mei 2024. (Mikopo ilirejea 2024, halmashauri 10 zikianza kwa majaribio kupitia benki. Angesubiri, angerudi kukuta utaratibu tofauti na ule aliouandikia pendekezo.) Kuhamia nchi nyingine kungedai vibali vipya vyote na usomaji mpya wa mwaka mzima. Kutafiti usitishaji peke yake kulimpa tukio moja lililozigusa halmashauri zote siku moja, bila kundi la kulinganisha nalo.

Likabaki la majalada. Na hapo mjumbe mmoja wa kamati, aliyekuwa kimya Oktoba, akauliza majalada yanaanzia mwaka gani. Mtahiniwa alijibu 2018/19. Mjumbe akasema basi hilo ni bora kuliko mpango wa awali: madiwani wa 2018/19 na 2019/20 ni wale wa uchaguzi wa 2015, uliozipa halmashauri kadhaa mchanganyiko wa vyama. Tofauti aliyokuwa akiitafuta mwaka 2023 ilikuwa imeishia 2020. Usitishaji ulimsukuma kwenye miaka ambayo tangu mwanzo ndiyo aliyopaswa kuitazama.

Kulikuwa na miiba. Mwaka 2017 na 2018 madiwani wengi wa upinzani walihamia CCM, kwa maneno yaliyozoeleka ya "kuunga mkono juhudi". Chama cha diwani hakiwezi kuandikwa mara moja kwa muhula wote wa miaka mitano. Kila uamuzi wa mkopo ulibidi uwekewe tarehe ya kikao, na kila kata tarehe ya diwani kuhama na ya uchaguzi mdogo uliofuata.

Badiliko hilo lilidai karatasi tatu, na Mtahiniwa alizipeleka kwa wakati mmoja, si kwa foleni. Kwa kamati, kiambatisho cha pendekezo, bila utetezi mpya. Kwa bodi ya maadili, marekebisho ya maombi yaliyopo, wala si maombi mapya. Tofauti yake ni wiki tatu kwa miezi mitatu. Kwa COSTECH, barua ya kubadili mbinu, iliyopitia kwa mtafiti mshiriki. Kibali cha muundo wa zamani kilitoka Juni, na cha marekebisho Agosti.

Kuhusu fedha hapakuwa na suluhisho zuri. Ruzuku ya tasnifu ya Fulbright-Hays, inayotoka serikali ya Marekani, ilikuwa ya raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo tu. Mkurugenzi wa masomo alikubali kuuhamisha muhula mmoja wa udhamini, wa Agosti hadi Desemba 2023, uje Agosti 2024. Maana yake ni kuishi uwandani miezi hiyo kwa akiba na ruzuku ndogo ya idara. Mtahiniwa alibaki amesajiliwa kwa saa chache za tasnifu, ambazo kwa aliyekwisha kufaulu mitihani ya umahiri chuo huzihesabu kuwa masomo ya muda wote. Bila usajili huo hadhi yake ya viza ingefungwa. Viza yenyewe ilikuwa imeisha, kwa hiyo miadi ya kuomba nyingine Dar es Salaam iliwekwa wiki ya pili baada ya kufika. Wengi huiweka wiki ya mwisho, halafu muhula unaanza wao wakisubiri pasipoti.

Uwandani, Septemba 2023 hadi Januari 2024

Kibali cha COSTECH hakikufungulii kabati la halmashauri. Kinaanza kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anayeandika barua kwa wilaya na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi anamwelekeza Afisa Maendeleo ya Jamii. Na ukishuka chini, mtendaji wa kata naye anataka nakala yake. Mtahiniwa alipanga siku tano kwa mnyororo huo, ukachukua siku 16 katika mkoa wa kwanza. Katika halmashauri ya tatu mkurugenzi alihamishwa kabla kazi haijaanza, na aliyekuja akataka barua mpya kutoka mkoani. Halmashauri hiyo iliachwa.

Tatizo kubwa lilijitokeza siku ya pili mbele ya kabati. Majalada yalikuwepo, yamepangwa kwa kikundi: katiba, muhtasari wa kikao, mkataba, marejesho. Yote yalikuwa ya vikundi vilivyopata. Mtahiniwa alipouliza ya waliokosa, ofisa wa makamo akamtazama kwa huruma: "Mwanangu, aliyekosa tumfungulie jalada la nini?"

Kwa mtu wa takwimu, hapo utafiti umekufa. Huwezi kueleza kwa nini wengine walipata ikiwa huna waliokosa. Ungeweza tu kuwasifu au kuwalaumu waliopata.

Mtahiniwa alitumia siku mbili bila kunakili chochote, akifuatilia ombi linatembeaje. Linaanzia kata. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hulipokea, huliingiza kwenye daftari, na orodha nzima hupanda halmashauri, ambako huchujwa. Walioondolewa wanapotelea huko juu, lakini kwenye daftari la kata bado wapo. Kazi ikahamia kwenye kata. Kati ya kata 41 za halmashauri mbili, 29 zilikuwa na madaftari ya kuanzia 2018/19. Jumla ya maombi ilizidi 1,100.

Kata 12 zilizokosekana hazikuachwa hivihivi. Daftari hupotea kwa sababu, na sababu hiyo inaweza kuwa ileile unayoitafiti. Alizilinganisha na zile 29 kwa umbali kutoka makao makuu, chama cha diwani, na mara ngapi ofisa wa kata alibadilishwa. Kilichojitokeza ni uhamisho: ofisa akihama, daftari linahama naye au linabaki kwenye droo isiyo na mwenyewe. Maofisa wawili waliohamia kata jirani walipigiwa simu, na mmoja alikuwa nalo nyumbani.

Kuhusu majina, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeanza kutumika 1 Mei 2023, na ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Madaftari yalikuwa na majina, namba za simu na za vitambulisho vya taifa. Mtahiniwa hakupiga picha ukurasa hata mmoja. Alinakili kwenye kompyuta palepale ofisini, kikundi kikipewa namba, bila jina wala simu. Ufunguo wa namba ulibaki kwenye bahasha kwa mtafiti mshiriki. Njia hii ilipunguza kasi kutoka maombi 80 kwa siku hadi 45. Bodi ya maadili ilikuwa imeruhusu picha, kwa hiyo uamuzi huu ulikuwa wake mwenyewe.

Mahojiano yalikuwa 52. Waliotoka mbali walipewa shilingi 5,000 za nauli, kiasi kilichoandikwa kwenye kibali. Maofisa hawakulipwa kitu, na wawili waliuliza kuhusu posho ya kikao kabla ya kukaa. Waliambiwa mapema kwamba haipo. Mmoja aliendelea, mwingine akawa na udhuru kila siku.

Matokeo

Sura tatu zilizokusudiwa kuwa makala zilikamilika kati ya Februari 2024 na Februari 2025. Muhula wa Agosti 2024 aliishi kwa udhamini uliohamishwa, na wa Januari 2025 kwa nafasi ya usaidizi iliyoachwa wazi na mwingine, ambayo isingepatikana hakukuwa na mpango mwingine. Utetezi ulifanyika Aprili 2025. Kamati ilidai masahihisho madogo, na ilisifu kiambatisho cha kata 12 kuliko sura yoyote.

Halmashauri mbili zilipelekewa muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili. COSTECH na mkoa walipelekewa ripoti. Sharti hili hutajwa kwenye kibali na husahaulika na wengi, hadi siku wanapoomba kibali kingine.

Uchambuzi: kilichomchelewesha

Kwa maoni yetu, kosa la msingi lilikuwa kuufuata mwongozo wa idara kama ratiba. Mwongozo umeandikwa kwa mpangilio wa madaraja: kozi, mtihani, pendekezo, maadili, uwandani. Kazi inatakiwa kupangwa kwa kinachochelewa zaidi. Bodi ya maadili ilichukua miezi mitatu, na kibali cha nchini kingechukua kama hiyo hata bila marekebisho. Hakuna kanuni iliyomkataza kuanza rasimu ya fomu ya maadili Juni 2022, wala kumwomba mtafiti mshiriki barua mapema, ili Oktoba ibaki kubonyeza tu. Angepata namba ya kibali kabla ya Februari na muhula wa posho usingepotea.

Ziara ya awali ya kiangazi 2022 ndiyo iliyokuwa dawa ya bei nafuu kuliko zote. Asubuhi moja mbele ya kabati ingeonyesha kwamba waliokosa hawana majalada. Hatumlaumu aliyechagua kozi ya kiangazi ili alipe kodi. Lakini tofauti ya fedha ilikuwa ya miezi miwili, na uamuzi huo ulimgharimu posho ya minne. Kabla ya kwenda angeuliza bodi kama kuangalia tu kuwepo kwa majalada kunahitaji kibali. Swali hilo hujibiwa kwa barua pepe.

Kuhusu saa za kufundisha, Mtahiniwa hakusema. Wiki za saa 29 zilikuwa kinyume cha mkataba na, kwa mwenye viza yake, hatari kwake kuliko kwa mwalimu wa kozi. Wenzake wawili waliokuwa na mwalimu yuleyule mwaka uliotangulia walipeleka hesabu ya saa kwa mkurugenzi wa masomo kwenye wiki ya pili ya muhula, kwa karatasi moja, na insha zikapunguzwa kutoka tatu hadi mbili. Alijua. Na kuanzia Aprili aliona aibu kulalamika akiwa na barua ya onyo mkononi.

Kamati nayo ina sehemu yake. Watu wanne wenye shahada walisoma pendekezo linalohusu chama cha diwani bila kuuliza matokeo ya uchaguzi uliopita miaka miwili nyuma. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtaalamu wa Tanzania, na mtafiti mshiriki, ambaye angeliona kosa hilo kabla hajamaliza ukurasa wa tatu, alitumiwa pendekezo Februari 2023, kwa ajili ya barua. Alichukuliwa kama muhuri.

Uchambuzi: kilichomwokoa

Waraka wa kurasa mbili. Watu wengi katika hali ile huomba kikao na kuja na wasiwasi. Yeye alikuja na njia nne, kila moja na gharama yake kwa miezi na fedha, na pendekezo lake mwishoni. Kikao kilichukua dakika 40. Msimamizi alikiri baadaye kwamba angepewa habari bila njia, angeshauri kusubiri.

Kupeleka karatasi tatu kwa pamoja kulikuwa na hatari: bodi ingekataa, barua ya COSTECH ingebidi iandikwe upya. Alikubali hatari hiyo kwa kuwa kuandika upya ni siku mbili na kusubiri ni wiki.

Na siku mbili za kufuatilia safari ya ombi. Mkufunzi wake wa mbinu angeziita kuelewa mchakato unaozalisha data. Ofisa wa maendeleo ya jamii aliziita kukaa tu na kunywa chai. Daftari la kata halikutajwa kwenye kanuni alizosoma wala kwenye ripoti yoyote ya ukaguzi aliyokuwa nayo. Lilitajwa na karani aliyemwona ameduwaa, akamuuliza kama ameshafika kata.

Idara yake ilibadilisha fomu ya ufadhili wa uwandani mwaka uliofuata: sasa inatosha kuonyesha kwamba maombi ya maadili yamepokelewa, bila namba ya kibali. Sentensi ya mwongozo inayosema pendekezo likipitishwa mwanafunzi "ataomba" haijaguswa.